Somo la 7: Mtoto Aliye Mlangoni

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kum. 24:17–22, 2 Fal. 4:1–7; Zab. 68:5, 6, Est. 2:5–11, 2 Sam. 13:1–22, Mk. 5:35–43, Mt. 18:1–14, Yak. 1:27.

Fungu la Kukariri: Yakobo 1:27. Lisome kwa sauti katika Biblia yako kila asubuhi ya juma hili, kisha darasa zima lilikariri pamoja siku ya Sabato.

Katika vijiji vya Uchaggani maji hushuka kutoka msituni kwa mifereji iliyochimbwa na mababu. Kila kaya ina zamu yake ya maji, na kila kaya inao wajibu wa kutoka na jembe siku ya kusafisha mfereji. Aliye juu akiziba, aliye chini hukaukiwa na migomba yake, ingawa hakukosa lolote. Ndiyo maana tangu zamani mtu asiyefika siku ya kazi alitozwa faini. Mfereji si mali ya mtu mmoja.

Watoto nao hushuka. Wapo wanaoteremka kutoka Rombo, Marangu, Uru, Kibosho na Machame hadi mjini Moshi bila kutumwa na mtu. Utawaona stendi ya mabasi na katika soko la Mbuyuni wakibeba mizigo, wakiomba, wakiokota chupa za plastiki na vyuma chakavu. Wengine huwaoni kabisa, kwa kuwa wamo ndani ya nyumba za watu wakiosha vyombo vya watoto wenzao waliokwenda shule.

Juma hili tunajifunza yale Maandiko yanayosema juu ya mtoto asiye na mtetezi: chakula chake, afya yake, shule yake na usalama wake. Kila siku tujiulize swali lile lile analojiuliza mwenye shamba la chini maji yanapokatika: mfereji umeziba wapi?

JUMAPILI

Mganda Uliosahauliwa

Soma Kumbukumbu la Torati 24:17–22. Ni watu gani watatu wanaotajwa tena na tena katika mafungu haya? Mungu anawapa Waisraeli sababu gani ya kuwakumbuka?

Sheria ya Musa haikumwachia yatima huruma ya siku ile mtu alipoamka na moyo mwema. Ilimwekea fungu lake shambani. Mwenye shamba aliyesahau mganda hakuruhusiwa kurudi kuuchukua. Aliyetikisa mzeituni hakuruhusiwa kupitia matawi mara ya pili. Mwenye mizabibu aliiacha masazo. Mgeni, yatima na mjane waliingia shambani wakijua kwamba wanachukua walichoachiwa na Mungu, wala hawakuwa wezi wala ombaomba.

Zaidi ya hayo, kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa akiba malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe (Kum. 14:28, 29). Huo ulikuwa mpango wenye mahali pake na wakati wake, na kila mwenye mavuno aliujua. Katika Kutoka 22:22–24 Mungu anasema wazi kwamba kilio cha yatima aliyeteswa kitamfikia Yeye mwenyewe, na hukumu yake itawaangukia watesi.

Sababu ya sheria hizi imetajwa mara mbili katika fungu la leo: Waisraeli walikuwa watumwa Misri. Anayesahau alikotolewa husahau pia kuacha mganda. Kanisa nalo lisisahau lilikotoka. Kazi ya Waadventista katika nchi hii ilianzia Giti, katika milima ya Upare, mwaka 1903, na shule zikaanzishwa pamoja na nyumba za ibada. Wazee wengi wa makanisa ya Upare na Kilimanjaro walijifunza kusoma kwa sababu mtu fulani asiye wa ukoo wao aliona kwamba mtoto wa kule mlimani ni wa Mungu.

Tafakari: Bajeti ya kanisa lako ina mganda gani ulioachwa kwa makusudi kwa ajili ya watoto wasio na mtu? Je, ni mpango wa mwaka mzima, au ni mchango wa siku moja baada ya tangazo?

JUMATATU

Wana Wawili wa Mjane

Soma 2 Wafalme 4:1–7. Ni hatari gani iliyowakabili watoto hawa wawili? Elisha alianza kwa kuuliza nini?

Baba yao alikuwa mcha Mungu, mmoja wa wana wa manabii. Alikufa na deni. Mdai hakuja kuchukua kitanda wala mbuzi. Alikuja kuwachukua wavulana wenyewe wawe watumwa. Neno hili lisomwe polepole, kwa maana lilitokea katika nyumba ya mtumishi wa Mungu, katikati ya watu waliokuwa wakiimba zaburi.

Jambo hili halijaisha. Baba anafariki, mgogoro wa kihamba unaanza, mama anabaki na madeni. Siku moja anakuja mtu mwenye maneno mazuri: “Nipe huyu binti, nitamsomesha mjini.” Mama anakubali, akiamini amepata msaada. Binti anafika mjini, na sare ya shule haionekani. Anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Mshahara, kama upo, haumfikii mkononi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 tu, isiyomdhuru mtoto wala kumzuia kusoma, na inakataza kabisa kumtumikisha mtoto kinyonyaji. Lakini sheria haina macho ndani ya jiko la mtu. Wenye macho ni majirani, na ndugu wa kanisani wanaokaribishwa chakula cha Sabato katika nyumba ile.

Tazama sasa alivyofanya Elisha. Hakuwachukua wavulana awalee kwake. Alimwuliza mama ana nini nyumbani. Akamtuma kwa majirani wote kuazima vyombo vitupu, wala si vichache. Mafuta yakatiririka hadi vyombo vilipokwisha, ndipo yakakoma. Mama akauza, akalipa deni, akaishi na wanawe kwa kilichosalia. Watoto walikombolewa kwa kuiokoa nyumba yao.

Muujiza ulikuwa wa Mungu, lakini vyombo vilikuwa vya majirani. Kama kijiji kingetoa vyombo vitatu, mafuta yangekoma kwenye chombo cha tatu. Katika miteremko ya Kilimanjaro vyombo hivyo vyaweza kuwa kuku kumi wa kuanzia ufugaji, nafasi katika kikundi cha kuweka na kukopa, au shahidi mmoja mwenye ujasiri wa kusimama na mjane katika baraza la ukoo na kusema ukweli juu ya mpaka wa kihamba.

Tafakari: Je, yupo katika nyumba yako, au ya ndugu yako, msichana wa kazi ambaye umri wake hujawahi kuuliza? Analala wapi? Siku ya Sabato anaabudu, au anabaki kupika?

JUMANNE

Mordekai Alipita Kila Siku

Soma Esta 2:5–11 na Zaburi 68:5, 6. Mordekai alikuwa na uhusiano gani na Hadasa? Baada ya binti kuondoka nyumbani, Mordekai aliendelea kufanya nini?

Esta hakuwa na baba wala mama. Mordekai, ndugu yake wa ukoo, alimtwaa awe binti yake. Biblia haitaji sherehe yoyote. Inasema alimlea. Na Esta alipochukuliwa kwenda nyumba ya mfalme, mlezi huyu hakuona kwamba kazi yake imekwisha. Kila siku alipita mbele ya ua ili ajue hali yake.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. La kwanza ni kwamba mahali pa mtoto ni katika familia. Mtunga zaburi anamwita Mungu baba wa yatima, kisha anaongeza kwamba Mungu huwapa wapweke makao ya kukaa. Kwa muda mrefu Uchaggani mzigo huu umebebwa na bibi, shangazi, mjomba na baba mdogo. Bibi mwenye umri wa miaka 70 anayelea wajukuu wanne kwa migomba na ng'ombe mmoja wa maziwa anafanya kazi ya Mordekai, hata kama hakuna anayemtaja mimbarani.

La pili ni kwamba mtoto aliyepokewa lazima aendelee kutazamwa. Mjini Moshi mashirika yasiyo ya kiserikali yamejifunza jambo hili kwa miaka mingi. Mkombozi ilianza kuwahudumia watoto wa mitaani mwaka 1997, na Kituo cha Amani kilianzishwa na Watanzania mwaka 2001. Katika kazi ya namna hii, walimu wa mitaani huwafuata watoto huko huko waliko, huzungumza nao mara nyingi kabla mtoto hajakubali kuacha mtaa, humpa makazi ya muda, matibabu na masomo, kisha huitafuta familia yake. Lakini kumrudisha mtoto nyumbani si kumshusha kwenye gari na kuaga. Kama alikimbia kipigo au ulevi, na kipigo na ulevi bado vipo, atakuwa stendi tena kabla ya mwezi kwisha. Ndiyo maana safari za kumtembelea baada ya kurudi ni muhimu kuliko safari ya kwanza.

Hapa kanisa la kijijini lina nafasi ambayo shirika la mjini halina. Afisa kutoka Moshi hufika Rombo mara chache. Shemasi wa Rombo anapita mbele ya ua ule kila siku, kama Mordekai.

Kituo cha kulelea watoto kinahitajika pale ambapo ndugu hawapo au si salama, nacho kisheria lazima kiwe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Kanisa linalotaka kufungua kituo lijiulize kwanza kama fedha zile zile zisingetosha kuwaweka watoto thelathini kwa bibi zao.

Tafakari: Taja mtoto mmoja wa mtaani kwako anayelelewa na asiyekuwa mzazi wake. Ni lini mara ya mwisho ulipita kujua hali yake?

JUMATANO

Binti Aliyenyamazishwa

Soma 2 Samweli 13:1–22. Orodhesha wanaume wanaotajwa katika habari hii. Ni yupi kati yao aliyemsaidia Tamari?

Fungu hili halisomwi mara nyingi kanisani, nalo ni neno la Mungu. Tamari alishambuliwa nyumbani mwa ndugu yake, na wala si porini. Mnyang'anyi wa utu wake alikuwa mtu wa familia. Yonadabu, mwenye akili nyingi, ndiye aliyetoa shauri. Tamari alikataa kwa maneno ya wazi, na hakusikilizwa. Baadaye alijitia majivu kichwani, akalirarua vazi lake, akaenda akilia njiani. Hakuficha jambo. Waliolificha ni wengine.

Absalomu alimwambia anyamaze kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu yake. Daudi alipopata habari alikasirika sana, na habari yake inaishia hapo: hasira bila hukumu. Miaka miwili nyumba ya mfalme ilikaa kimya. Kisha ikaja damu, na baada ya damu ikaja vita kati ya baba na mwana. Aibu iliyofunikwa haikufa. Ilioza.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 hivi katika kila 7, walisema walipatwa na ukatili wa kijinsia angalau mara moja kabla ya kufika miaka 18. Wengi waliotendewa hivyo hawakupata msaada wowote. Darasa lenye wanafunzi ishirini lipige hesabu hiyo kimyakimya.

Mambo kama haya yakitokea, husikika sauti ya Absalomu: “Tuyamalize kifamilia.” Hukaa kikao, hutolewa mbuzi au fedha, na mtoto huambiwa asamehe. Mahali pengine sauti hiyo hutoka kwa mzee wa kanisa anayeogopa jina la kanisa kuchafuka. Lakini Yesu alisema juu ya jiwe la kusagia na kilindi cha bahari kwa ajili ya anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa (Mt. 18:6). Hakusema neno lolote juu ya kulinda jina la kusanyiko.

Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa mahali pale. Yapo Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, yupo afisa ustawi wa jamii, na ipo namba 116 ya kupiga bure kutoa taarifa za mtoto. Mtoto aliyebakwa apelekwe hospitali mara moja, asiogeshwe kwanza, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Maombi yafanyike njiani kuelekea hospitali, yasiwe sababu ya kuchelewa.

Msamaha na toba vina nafasi yake kanisani, lakini havichukui nafasi ya sheria. Aliyemdhuru mtoto anaweza kutubu na kupokewa na Kristo. Hata hivyo hakabidhiwi tena darasa la watoto, wala kambi ya Watafuta Njia.

Tafakari: Mtoto wa kanisa lako akitaka kusema jambo zito kesho, anamjua mtu mzima gani atakayemwamini?

ALHAMISI

Mpeni Chakula

Soma Marko 5:35–43. Baada ya kumfufua binti Yairo, Yesu aliagiza nini?

Binti alikuwa na miaka 12. Chumba kilijaa mshangao. Wazazi walikuwa hawajui waseme nini. Katikati ya yote hayo Yesu alikumbuka kwamba mtoto aliyekuwa mgonjwa ana njaa, akaagiza apewe chakula. Aliyeshinda mauti hakuona sahani ya chakula kuwa jambo dogo.

Waliomfuata Yesu walijifunza kuyaunganisha mambo hayo. Mwaka 1971 hospitali ya KCMC ilifunguliwa chini ya Mlima Kilimanjaro kwa jitihada za taasisi ya kikristo iliyojiita Msamaria Mwema. Jina hilo linawakumbusha wote kwamba njia ya Yeriko inapita hata Moshi.

Leo baadhi ya milango imefunguliwa na serikali. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za umma kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi darasani baada ya kujifungua. Sera ya afya inataka watoto wa chini ya miaka 5 watibiwe bila malipo katika vituo vya umma.

Lakini mlango ulio wazi haumvuti ndani mtu asiye na nguvu za kutembea. Sare, madaftari na chakula vimebaki kuwa wajibu wa mzazi. Mtoto asiye na mzazi hukosa si kwa sababu ya ada, bali kwa sababu ya viatu. Binti hukosa siku kadhaa kila mwezi kwa kuwa hana taulo za kike. Asiye na cheti cha kuzaliwa husumbuka kila anapofika dirishani. Mwenye ulemavu hufichwa ndani, na shule ipo nusu saa tu kwa miguu.

Hapa Idara ya Dorkasi na Huduma za Jamii ina kazi ambayo haihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Mshiriki mmoja aandamane na bibi hadi ofisi ya RITA. Mwingine ampeleke mtoto kliniki. Mwalimu mstaafu afundishe watoto watatu jioni. Fundi cherehani ashone sare mbili kila Januari. Yakobo anaposema juu ya kuwatazama yatima, neno la Kiyunani analotumia ni lile lile Yesu alilolitumia juu ya kumtazama mgonjwa katika Mathayo 25:36. Maana yake ni kumwendea mtu, kuona hali yake na kumhudumia. Kumtumia salamu hakutoshi.

Tafakari: Ni kitu gani kimoja, chenye bei unayoijua, kinachomzuia mtoto mmoja wa jirani yako kwenda shule Jumatatu ijayo?

IJUMAA

Mawazo ya Ziada

Soma tena Mathayo 18:1–14. Wanafunzi waliuliza nani aliye mkuu, na Yesu akamwita mtoto na kumsimamisha katikati yao. Baadaye, katika mazungumzo yale yale, akaeleza habari za mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa. Mifano hii miwili ni somo moja. Kondoo aliyepotea katika Mathayo ni mmoja wa wadogo hawa, na mapenzi ya Baba ni kwamba asipotee hata mmoja.

Ellen G. White aliandika kwa uzito juu ya malezi ya yatima katika juzuu ya 6 ya Shuhuda kwa Kanisa, naye mwenyewe alilea nyumbani mwake watoto wasio wa tumbo lake. Viongozi wa madarasa wanahimizwa kuipitia sehemu hiyo kabla ya Sabato.

Turudi kwenye mfereji. Maji yanapokatika, watu wa chini hawaanzi kwa kulaumiana. Hupanda wakifuata mfereji hatua kwa hatua hadi wafike mahali palipoziba. Mahali pengine ni jiwe kubwa, na huhitaji watu wengi. Mara nyingi ni majani tu yaliyorundikana kwa kuwa kila aliyepita alidhani mwingine atayaondoa. Mtoto aliyelala stendi usiku wa leo alipita mbele ya milango mingi kabla hajafika pale, na huenda mmojawapo ulikuwa mlango wa kanisa.

Kristo alisema kwamba anayempokea mtoto mmoja kwa jina lake anampokea Yeye. Basi anayebisha hodi si mtoto peke yake.

Maswali ya Kujadili

1. Sheria ya Kumbukumbu 24 ilimpa yatima fungu lake bila kumfedhehesha. Misaada ya kanisa lako hutolewaje? Je, mtoto huitwa mbele na kupigwa picha? Ni njia gani ingelinda heshima yake?

2. Elisha aliiokoa nyumba ili watoto wabaki kwa mama yao. Linganisheni gharama ya kumlea mtoto mmoja kituoni na gharama ya kuisimamisha familia yake. Ni wakati gani kituo ndicho kinachofaa zaidi?

3. Mtu anasema, “Tukipeleka jambo hili polisi, kanisa litaaibika.” Kwa kutumia 2 Samweli 13, mtamjibuje kwa upendo na kwa uthabiti?

4. Kanisa lenu lina utaratibu gani wa kuwachunguza wanaofundisha watoto? Kama hakuna, chagueni Sabato hii watu wawili wa kuuandaa, nao walete taarifa kwenye baraza la kanisa kabla robo haijaisha.

5. Kila mwanadarasa aandike jina la mtoto mmoja atakayempitia juma lijalo. Jina lisisomwe kwa sauti. Sabato inayofuata, kabla ya somo, kila mmoja aseme neno moja tu: nilikwenda, au sikwenda.